Kabati la nguo: la ukutani au la kusimama?

Dada, umesema chumba ni mita 3 kwa 3 na nyumba ni ya kupanga. Nunua la kusimama. La ukutani ukihama unamwachia mwenye nyumba, na hakurudishii hata senti (labda muandikiane kwenye mkataba, nao wengi hawataki). Ingekuwa kwako, ningesema mwite fundi alipige mpaka darini, maana juu ya kabati za kawaida ndiko masanduku na vumbi vinakoishia.

Pima kina kabla hujalipa. Henga ya mtu mzima inataka kama sentimita 60 kwa ndani. Kwenye yale ya 45 nguo zinakaa upande na mlango haufungi. Kwa chumba hicho chukua milango ya kusukuma pembeni, ya bawaba itagonga kitanda.

Halafu uko Tanga, usisahau unyevu. MDF (ubao wa unga wa mbao na gundi) ikinyonya maji miguuni inavimba na hairudi tena. Mninga ni ghali, ila mchwa hawauli kirahisi. Lolote utakalochukua, liinue kidogo sakafuni na uache upenyo wa vidole vinne ukutani, la sivyo masika mgongo wake utaota ukungu.