Jina la mahali laweza kutuonyesha uwanja wa vita?

SWALI: Asalaam alaikum mhariri. Juzi tulikuwa barazani hapa Langoni tukibishana, mwenzetu mmoja ati kasoma kuwa Uingereza kulipiganwa vita vikubwa mwaka 937 na uwanja wake ukapotea kabisa, sasa watu wanautafuta kwa majina ya vijiji tu. Kweli yawezekana? Na sisi si twaweza hivyo hivyo kwa vita vya Hidabu na Weyuni, miji ya kale hapa kwetu, tunavyohadithiwa? Msomaji, Lamu.

JIBU: Waalaikum salaam ndugu yangu. Yawezekana, ila si kwa jina peke yake. Vita hivyo ni vya Brunanburh, mfalme Æthelstan wa Waingereza na nduguye Edmund waliwapiga Olaf wa Dublin, Constantine wa Waskoti na Owain wa Strathclyde (dola ya zamani kusini magharibi mwa Uskoti) wote kwa mpigo, na shairi la zama hizo lasema wafalme vijana watano walifia pale pale. Wengi leo wanaelekea kusema uwanja ulikuwa Bromborough, kule Wirral ng'ambo ya Liverpool, na sio kwa vile majina yanafanana masikioni (hapo ndo watu huteleza), ni kwa vile hati za zamani zinaliandika Bruneburgh na mfano wa hilo, na ukizifuata sauti zinavyobadilika linarudi lenyewe mpaka Brunanburh, yaani ngome ya mtu aitwaye Bruna.

Tamu zaidi ni hii, shairi lasema walioshindwa walikimbilia Dublin kwa kupitia Dingesmere, jina lililowasumbua wasomi miaka na miaka. Sasa hapo Wirral kuna kijiji chaitwa Thingwall, ambalo kwa Kinorse cha kale, lugha ya Waviking wa Skandinavia, ni uwanja wa baraza, maana Wanorse walihamia huko, basi mwaka 2004 wasomi watatu wakasema Dinges ndo hilo baraza na mere ni maji au kinamasi. Mimi majina mawili jirani yakikubaliana hivyo huanza kusikiliza.

Lakini wapinzani wapo, wenye kutaja pengine! Lanchester, kaskazini mashariki mwa Uingereza, kuna mto Browney, Uskoti kuna kilima cha Burnswark, tena mwandishi wa tarehe John wa Worcester wa karne ya 12 asema majahazi ya Olaf yaliingia mlango wa mto Humber, na Humber iko mashariki wakati Wirral iko magharibi.

Kwenu shida ni nyingine kabisa, jina la Hidabu halijapotea, kilima mnakijua, kinachouficha uwanja ni mchanga. Nyinyi kusanyeni majina madogo madogo, ya mashamba, visima, vijia, na muyaandike yanavyotamkwa kwa Kiamu kabla hamjayanyoosha kwa Kiswahili cha shule. Hati za mashamba za herufi za Kiarabu nazo mzitazame, ila kwa uangalifu kwani herufi be moja yaweza kusomwa b, p au mb. Na mzee akikwambia pakaitwa hivi kwa sababu walipigana hapa, muulize kwa adabu, kabla ya vita paliitwaje?