Printa ya leza ikikwamisha karatasi msimu wa mvua, anza na rimu

Mvua zikishaanza Mbeya, Njombe na Tukuyu, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi huona printa iliyokuwa salama mwezi Oktoba sasa inakwamisha karatasi kila baada ya kurasa chache. Kabla hujaita fundi, shika karatasi yenyewe. Ikiwa imelegea na kingo zake zina mawimbi, imenyonya unyevu.

Tona, yaani wino wa unga, huvutwa kwenye karatasi kwa chaji ya umeme, kisha fyuza, sehemu ya printa inayopata moto, huiyeyusha kwa joto linalokaribia nyuzi 200. Karatasi yenye unyevu huvujisha ile chaji, ndiyo maana maandishi hutoka hafifu na yenye mabaka. Ikifika kwenye fyuza, maji hugeuka mvuke, ule unaoonekana kama moshi mweupe pale karatasi inapotokea. Upande mmoja hukauka kabla ya mwenzake, karatasi inajikunja na kukwama palepale.

Kupima ni rahisi. Fungua rimu mpya ya gramu 80 ambayo ganda lake halijachanika, weka karatasi 20, chapa zote. Zikipita salama, printa yako ni nzima.

Ganda la rimu huzuia unyevu, kwa hiyo usilivue lote. Toa karatasi za siku hiyo tu, zilizobaki zifunge tena na uziweke ndani ya mfuko wa plastiki. Rimu zikae juu ya rafu au mbao, kamwe si juu ya sakafu ya saruji wala kugusa ukuta. Tafadhali usianike karatasi juani wala karibu na jiko la mkaa: hukauka kwa viraka, zikajikunja vibaya zaidi. Kama zimejikunja kidogo tu, geuza bunda lote chini juu kwenye trei ujaribu tena.

Rimu mpya nayo ikikwama, tazama inakokwamia.

Ikikwama kwenye trei, au printa ikinguruma bila kuvuta kitu, kagua rola ya kuvutia karatasi. Vumbi la karatasi na la barabarani huifunika mpira ukang'aa na kuteleza. Zima printa, chomoa waya, toa trei, pangusa rola kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholoweshwa kidogo kwa maji safi, ukiizungusha mpaka kitambaa kisitoke na weusi. Iache ikauke dakika 10. Petroli na thina huharibu mpira. Wapo wanaoikwaruza kwa msasa. Huvuta kwa muda, kisha inavuta upande mmoja na karatasi zinaingia kombo. Ikivuta mbili kwa pamoja, mara nyingi pedi ya kutenganisha ndiyo imeisha. Nunua rola na pedi kwa pamoja, maana rola mpya juu ya pedi iliyolika huzidisha tatizo. Hakikisha pia vibanio vya trei vinagusa karatasi bila kuibana, na bunda halivuki alama ya juu.

Ikikwama kwenye fyuza, zima na usubiri dakika 30 ipoe. Toa katriji, yaani kasha la tona, uifunike kwa kitambaa kizito, kwa sababu dramu yake, ile silinda inayobeba tona hadi kwenye karatasi, huharibiwa na mwanga. Legeza vishikio vya fyuza kama vipo, shika karatasi kwa mikono miwili, vuta polepole kuelekea upande ambao karatasi hutokea ikishachapwa. Kisu na bisibisi vikae mbali. Ikichanika, unganisha vipande mezani: kona isipoonekana, bado iko ndani. Kipande kidogo kikilalia kijiti cha plastiki cha sensa, printa itaendelea kulalamika kwamba karatasi imekwama hata ukiangalia ndani huoni kitu. Kisukume kijiti hicho kwa kidole. Lazima kirudi chenyewe.

Karatasi ikitoka na mikunjo kama feni, huenda ngozi ya fyuza, ile filamu nyembamba inayogusa karatasi, imechanika, na hapo fundi anahitajika. Chanzo kimoja kikubwa ni pini ya stepla iliyosahaulika kwenye karatasi inayochapwa upande wa pili. Zikague moja moja.

Manila ya majalada ya mitihani ipitishe kwenye mlango wa kuingizia karatasi kwa mkono, moja moja, ukiwa umefungua mlango wa nyuma ili ipite bila kupinda. Kwenye kompyuta chagua karatasi nzito. Printa nyingi ndogo huishia karibu gramu 160, kwa hiyo soma uzito ulioandikwa kwenye pakiti kabla ya kununua.