Maswali ya Wasomaji: Tembo wa Ukoka na Mpingo Unaopasuka

Swali: Habari za kazi, mhariri. Shuleni kwetu Mikindani tunataka kusimamisha sanamu ya ndama wa tembo aliyevaa majani mabichi, kimo mita 1, urefu mita 1.5. Mianzi tunayo, na makumbi ya nazi yamejaa. Tuijenge vipi, na je, itavuka kiangazi? (Mwalimu, Mikindani)

Jibu: Itavuka, Mwalimu, mradi mifupa isiwe ya mianzi. Mwanzi uliofukiwa kwenye udongo unaolowa kila siku huoza, na mchwa hawachelewi. Miguu iwe ya nondo za milimita 12, zizame sentimita 50 kwenye zege. Mbavu nondo za milimita 8. Mianzi iwekeni akiba kwa masikio na mkonga, ambako hakutiwi udongo.

Juu ya mbavu vuteni wavu wa kuku, na kwa ndani tandikeni gunia la katani. Kiroba cha plastiki hapana: jua hukichanachana kabla mizizi haijashikana. Katikati ya kiwiliwili jazeni makumbi makavu mazima, ili udongo uwe tabaka la sentimita 12 tu. Eneo la kupanda likiwa mita 4 za mraba, mnahitaji lita 480, yaani ndoo kubwa 24: 12 za udongo tifutifu, 6 za mboji, 6 za vumbi la makumbi. Ukilowa, mchanganyiko huo hukaribia nusu tani, kwa hiyo msibanie zege.

Hapa pwani angalieni sana chumvi. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni ili yatoe usumba yamekunywa maji ya bahari. Lowekeni vumbi lake kwenye maji ya mvua au ya bomba usiku kucha, kamueni, mwageni, mrudie mara 3. Maji ya mwisho yaonjwe kwa ncha ya ulimi. Yakiwa bado na chumvi, endeleeni. Ikibaki, ncha za majani zitageuka kahawia hata mkimwagilia kutwa.

Pandeni ukoka. Unavumilia jua na upepo wa bahari, na haununuliwi. Kateni pingili za sentimita 10 zenye mafundo 3, toboeni gunia kwa kijiti, zamisheni mafundo 2, moja libaki nje. Nafasi iwe sentimita 10 kila upande, jumla pingili 400. Chini ya tumbo msipande, kwa kuwa ukoka hautaki kivuli. Pazungushieni kamba za usumba.

Tatizo jingine ni mgongo kukauka wakati tumbo linarowa, maana maji hushuka. Lazeni mpira wa maji wa nusu inchi juu ya uti wa mgongo, sentimita 5 ndani ya udongo, toboeni kwa msumari wa moto kila sentimita 15, zibeni mwisho wake, kisha uungeni na pipa lililoinuliwa. Wiki 3 za mwanzo mwagilieni kidogo kidogo, asubuhi na jioni.

Mvua zetu ni za msimu mmoja. Fungeni nondo Oktoba, pandeni Desemba mvua ikishakolea, ili mizizi iwe imeshika kabla ya Mei. Masika nzima punguzeni majani kila wiki 2, la sivyo tembo atageuka kichuguu.

Swali: Nachonga vinyago vya mpingo. Gogo likifika nusu ya kazi linapasuka. Kwa nini? (Fundi, Newala)

Jibu: Nje hukauka na kusinyaa haraka kuliko ndani, na maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha zilizokatwa. Siku ile ile ya kukata, paka ncha zote mbili nta iliyoyeyushwa au rangi nzito. Pasua gogo kupitia moyo wake, kwani ufa huelekea hapo, na uchonge kila nusu peke yake. Ukipumzika, funika kazi kwa gunia kivulini, mbali na upepo. Usiiache juani hata saa moja.

Mpingo huchukua miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kuvunwa, hivyo kila gogo linalopasuka ni hasara ya mti mzima. Ununuapo, uliza limetoka msitu gani. Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu, cha uvunaji endelevu katika misitu yao wenyewe. Gogo la msitu wa kijiji huwa na alama iliyogongwa kwa nyundo na kibali, vikikosekana, usinunue.