Polisi wa Marekani na simu ya mtu waliyemkamata

Polisi wa Marekani wakikukamata, wanaweza kufungua simu yako na kuipekua hapo hapo? Hapana, kukukamata tu hakuwapi ruhusa ya kufungua simu yako, lazima wawe na hati ya upekuzi kutoka kwa jaji. Hii iliamuliwa 2014 na Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Riley dhidi ya California, majaji wote 9 walikubaliana, na Jaji Mkuu John Roberts ndo aliandika hukumu, akasema jibu ni rahisi, nendeni mkachukue hati. Sababu yenyewe ina uzito kweli: zamani polisi walikuwa wanapekua mifuko ya mtu aliyekamatwa ili wahakikishe hana silaha wala haharibu ushahidi, sasa simu si kisu, na ndani yake kuna picha, meseji, mambo ya hospitali, benki, yaani maisha yako yote, hata wangeingia nyumbani kwako wakapekua kila droo wasingepata vitu vingi hivyo.

Ila angalia hapa, simu yenyewe wanaweza kuichukua na kukaa nayo wakati wanaomba hati, na kama kuna dharura ya kweli, mfano mtoto katekwa na habari zake ziko humo, wanaweza kuifungua bila hati. Mipakani na airport, ukiwa unaingia au unatoka nchini, sheria ni tofauti. Na kubwa kuliko yote, ukisema mwenyewe "sawa angalieni" umeshawaruhusu, hati haihitajiki tena, watu wengi wananaswa hapo kwa sababu ya woga tu.