Tangawizi pori, mchungwa pori, na uvivu wetu

SWALI: Mimi ni mwalimu wilayani Kasulu, Kigoma. Huku kuna tunda jekundu linalochomoza ardhini kando ya mmea wenye majani kama ya tangawizi. Bibi yangu huliita tunguru. Niandike "tangawizi pori" au "tangawizi mwitu"?

JIBU: Kisarufi yote mawili yanapita. Mwitu ni ndugu yake msitu, neno kongwe lililojibanza kwenye mbwa mwitu na paka mwitu. Pori linazidi kulinyang'anya kazi. Hilo limekwisha.

Lisilokwisha ni hiki kipori kinachobandikwa kila kitu. Mtu akikutana na tunda asilolijua, haulizi wenyeji. Analitafutia jamaa sokoni, anatia "pori", anaondoka zake. Hapa Tabora nimesoma mtonga, mti wa porini ambao tunda lake ni ntonga, ukiitwa "mchungwa pori". Mchungwa! Chungwa unalimenya kwa vidole, ntonga unaigonga kwenye jiwe. Chungwa lina maji, ntonga ina mbegu bapa unazozimumunya na kuzitema. Wala usizitafune, maana jenasi yake ndiyo ya mti unaotoa sumu ya strikinini. Undugu uko wapi? Eti yote ni mviringo. Basi na mpira tuuite chungwa la uwanjani! Wanyamwezi jina wanalo, fupi, linatamkika, kama walivyo na mbula na ntalali kwa matunda mengine ya porini. Nani kawaomba chungwa?

Lako ni baya zaidi, kwa sababu tangawizi huchimbwa. Mtoto akisoma "tangawizi pori" atakwenda na jembe, kumbe kinacholiwa ni tunda, nyama yake nyeupe yenye uchachu na mbegu ndogo tele. Ukoo ni mmoja, sikatai, lakini mmea huo uko karibu zaidi na iliki kuliko tangawizi. Ukivuka mpaka hadi Uganda utawasikia wakisema matungulu, tena bila kuona haya.

Ukilazimika, andika "tangawizi pori" kwenye kibao cha watalii wanaokwenda Gombe kutazama sokwe, ambao nao hulila tunda hilo. Mimi kupigana na vibao nimechoka. Kwenye daftari la mwanafunzi mfuate bibi: mmea ni mtunguru, tunda ni tunguru, yakiwa mengi ni matunguru haya. Nikisikia umefundisha "matunguru hizi", nitapanda treni hadi Kigoma nikufuate.