Vikonyo vya airisi: tazama majani kabla hujashika makasi

Dada, umeuliza kama vikonyo vya airisi vilivyomaliza maua vikatwe hadi chini pamoja na majani, kama jirani alivyokushauri. Majani usiyaguse. Na hata kikonyo chenyewe ngoja kwanza, maana hapa Nairobi jina airisi tunaipa mimea miwili tofauti.

Mimi niliponzwa na hilo. Kwangu Lang'ata nina ile ya majani membamba, maua meupe yenye zambarau na doa la manjano, yanayochanua asubuhi na kunyauka upesi. Hiyo ni Dietes, ya kwetu kabisa, humea yenyewe katika misitu ya Kenya. Masika yalipoisha nilimwambia kijana anayenisaidia bustanini asafishe, naye akafyeka vikonyo vyote. Ikapendeza wiki moja. Vuli ilipofika, za jirani zikachanua hadi nje ya uzio, zangu majani matupu. Kumbe kikonyo chake hakifi maua yanapoisha. Hutoa maua tena na tena, msimu baada ya msimu. Nyofoa vifuko vya mbegu tu, na kikonyo ukikate kikiwa kimekauka kabisa. (Kijana sikumlaumu, agizo lilikuwa langu.)

Ile nyingine ina majani mapana yaliyotanda kama kipepeo cha jikoni, na tunguu lililolala juu ya udongo kama tangawizi. Kikonyo cha hii hakirudii. Hubeba matumba kadhaa yasiyofunguka pamoja, kwa hiyo toa ua moja moja linaponyauka, na la mwisho likiisha, kata kikonyo vidole viwili juu ya tunguu, kwa mshazari, kwa kisu kikali kilichopanguswa spiriti. Ukiacha kisiki kirefu wakati wa mvua kitaoza, na uozo hushuka hadi kwenye tunguu. Harufu yake utaijua tu. Majani ndiyo yanayolisha matunguu ya pembeni, na hayo ndiyo yatakayochanua, kwani tunguu lililokwisha kuchanua halichanui tena.

Hii ya pili imezoea baridi kali kuliko Julai yetu, hivyo mimi nikipata kikonyo kimoja kwa mwaka nashukuru. Vaa glavu, utomvu wake huwasha, na usimwachie mbwa matunguu atafune, ni sumu.

Kama bado una shaka, piga picha ya majani na pale chini yanapotokea, uiweke hapa kabla hujakata chochote.