Kidonge cha Kifafa Kikibadilika Umbo

Ndugu yangu mdogo ni fundi wa nakshi hapa Amu, na kwa miaka mingi amekuwa akimeza karbamazepini asubuhi na jioni kwa sababu ya kifafa. Alikuwa amekaa karibu miaka miwili bila kuanguka. Mwaka jana duka tulilolizoea lilimpa vidonge vya mviringo badala ya vile virefu, na alipouliza akajibiwa, "Dawa ni ile ile, kaka, kampuni tu ndiyo tofauti." Siku ya tisa alianguka karakanani, patasi ikiwa mkononi, na kovu la kidole gumba analo hadi leo.

Sisemi kwamba dawa za jeneriki, yaani nakala za dawa ile ile zinazotengenezwa na kampuni nyingine, ni mbovu. Bila hizo sisi wenyewe tusingemudu matibabu. Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi hutaka kiasi cha dawa kinachofika kwenye damu, kikilinganishwa na cha dawa ya mtengenezaji wa kwanza, kisitoke nje ya mipaka ya asilimia 80 na 125, na kwa kawaida tofauti yenyewe huwa ndogo. Hata hivyo, kila jeneriki hulinganishwa na dawa hiyo ya kwanza, si na jeneriki nyenzake, na baadhi ya dawa za kifafa zina nafasi finyu kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru. Fenitoini ndiyo ngumu zaidi, kwani kipimo kikiongezwa kidogo tu, kiwango kwenye damu chaweza kupanda mno. Ndiyo maana mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Uingereza walishauri kwamba anayetumia fenitoini au karbamazepini abaki na dawa ya mtengenezaji mmoja, ilhali kwa levetirasetamu, dawa nyingine ya kifafa, hawakuona haja hiyo.

Lakini siwezi kuapa kwamba kampuni mpya ndiyo iliyomwangusha. Daktari alituuliza dawa tunaiweka wapi, nami nikaona haya kumjibu: nilikuwa nikivitoa vidonge kwenye pakiti zake na kuvitia katika kikopo ndani ya kidaka, ukuta mmoja na bafu. Mwaka 1990 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba vidonge vya karbamazepini vikiingia unyevu vinaweza kupoteza hata thuluthi moja ya nguvu zake, na hapa kwetu chumvi hulowa kibakulini usiku mmoja.

Kwa hiyo sasa vidonge vinabaki katika pakiti yake, kabatini, mbali na maji. Jina la kampuni nimeliandika kwenye jalada la daftari la kliniki, na tunanunua wiki moja kabla ya akiba kwisha. Dukani tunauliza pia kama ni vidonge vya kawaida au vile vinavyotoa dawa polepole, kwa sababu hivyo viwili havibadilishwi kiholela hata vikiwa na miligramu sawa. Ikipatikana ya kampuni nyingine pekee, anaimeza, maana kukatiza dawa ya kifafa ghafla ni hatari kubwa kuliko kubadilisha kampuni. Tunaipigia kliniki simu siku hiyo hiyo, tunaandika tarehe, na kwa wiki mbili hashiki patasi wala hapandi mashua peke yake. Yeye hulalamika kwamba wiki mbili za kupiga msasa tu zinamchosha, lakini milango ya wateja imesubiri.